Tuliwazika, Hatukuuliza

Mhadhara uliotolewa Nambambo kwa wakazi wa Nachingwea na Ruangwa

  Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida tunalizungumza msibani tu, tena kwa sauti ya chini. Askari wetu wanapokwenda kulinda amani katika nchi za watu, wakauawa huko, sisi tuliobaki tunajibu nini?

Wengi mnatarajia nizungumzie ushujaa. Ushujaa upo, na nitautaja mahali pake, ila sio ulionileta hapa. Kilichonileta ni yale yanayofuata baada ya bendera kukunjwa na kukabidhiwa kwa mjane.

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ndogo ya wanajeshi wa Tanzania karibu na mto Semuliki, kwenye barabara ya kutoka Mbau kwenda Kamango, wilayani Beni, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na watu wengi wenye silaha nzito. Kambi hiyo ilikuwa chini ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Jeshi letu lilieleza kuwa mapigano yalidumu saa 13. Hebu zihesabuni: anzeni jua linapozama hapa Nambambo, pitisheni usiku mzima, mpaka watoto wamekwishaingia darasani asubuhi ya pili. Muda wote huo vijana walikuwa wanapigana. Askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha, zaidi ya 40 wakajeruhiwa, na mmoja hakuonekana. Wanajeshi wa Kongo nao waliuawa katika shambulio hilo.

Katibu Mkuu António Guterres alisema hilo ndilo shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja wa Mataifa, akaliita uhalifu wa kivita. Rais Magufuli alieleza mshtuko na huzuni yake. Aliyewapa Watanzania taarifa kwa niaba ya jeshi ni Mnadhimu Mkuu wa wakati huo, Luteni Jenerali James Mwakibolwa, na ni yeye aliyekuwa kamanda wa kwanza, mwaka 2013, wa brigedi walimotumikia vijana hao. Alikuwa anatangaza vifo vya vijana waliorithi kazi aliyoianzisha mwenyewe. Na miili ilipoagwa Makao Makuu ya Jeshi, Upanga, aliyeongoza waombolezaji alikuwa Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa. Msiba ule, hata kwa itifaki tu, ulipita mlangoni kwetu.

Halafu tukatawanyika.

Mtu anaweza kuuliza: Nachingwea na Semuliki wapi na wapi? Nitamjibu kwa historia ya ardhi tuliyokalia. Waingereza walikuja hapa mwishoni mwa miaka ya 1940 na mradi wao wa karanga, wakafyeka pori, wakajenga reli kutoka Mtwara, na karanga zikawakatalia. Walichotuachia ni mashamba yenye namba. Shamba namba 17, Farm 17 kama tunavyoliita mpaka leo, likaja kuwa kambi ya FRELIMO. Hapo Samora Machel na wenzake waliwafunza vijana waliovuka Ruvuma kupigana na Wareno, mpaka Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wazee waliopo mbele yangu waliwaona vijana wale wakitoka, na waliona pia kwamba si wote waliorudi. Mtwara hapo, Naliendele, yapo makaburi ya askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji. Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha sita hupangiwa mafunzo katika kambi ya JKT ya hapa hapa Nachingwea, na baadhi yao huishia kuvaa sare moja kwa moja. Na Oktoba 2020, watu wenye silaha walivuka kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Sisi si wageni wa habari hizi. Nisimsikie mtu akisema haya ni mambo ya wakubwa wa Dodoma na New York.

Sasa nirudi kwenye swali. Anayemuua mlinda amani kwa kawaida ana hesabu zake. Hamuui kwa sababu ya hasira tu. Anataka jibu fulani, na mara nyingi amekwishalisoma jibu hilo kabla hajafyatua risasi. Mfano ulio wazi kuliko yote uko jirani yetu.

Januari 1994, mtoa habari kutoka ndani ya wanamgambo wa Interahamwe alimweleza mkuu wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, juu ya maandalizi ya mauaji. Tarehe 11 Januari, Dallaire akatuma waraka New York. Ndani yake mlikuwa na habari kwamba wapangaji walikusudia kuwachokoza askari wa Ubelgiji na kuwaua baadhi yao, ili Ubelgiji iondoke. Miezi mitatu baadaye, tarehe 7 Aprili, askari 10 wa Kibelgiji waliokuwa wanamlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana waliuawa katika kambi ya jeshi mjini Kigali. Waziri Mkuu naye aliuawa siku hiyo hiyo. Na Ubelgiji ikaondoka. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama likaamua kupunguza kikosi cha watu wapatao 2,500 kibaki na 270.

Tazameni jinsi hesabu ya wauaji ilivyotimia hatua kwa hatua, kama ilivyoandikwa kwenye waraka uliokuwa umelala kwenye mafaili kwa miezi mitatu. Kwenye shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, watu wapatao 2,000 walikuwa wamejihifadhi nyuma ya askari wa Kibelgiji. Askari walipopakia magari tarehe 11 Aprili, wanamgambo walikuwa nje ya uzio wanasubiri. Wengi wa watu wale waliuawa siku hiyo hiyo. Mwishoni mwa mwezi, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ikazaliwa kwa siku moja, na ikawa mzigo wa wakulima wa Kagera ambao hawakuwahi kuulizwa maoni yao kuhusu kikosi cha Kigali. Ubelgiji ilikuwa na haki ya kuwalilia watoto wake. Lakini gharama ya kuondoka haikulipwa Brussels.

Kabla ya hapo, Mogadishu, Somalia, dunia ilikuwa imejaribu jibu lililo kinyume. Tarehe 5 Juni 1993 askari 24 wa Pakistan waliuawa, na siku iliyofuata Baraza la Usalama likaamuru waliohusika wasakwe. Msako ukageuka vita vya kibinafsi dhidi ya mbabe wa vita, Jenerali Aidid. Julai, helikopta za Marekani zilipiga nyumba walimokuwa wamekutana wazee wa ukoo. Umati wenye hasira ukawaua waandishi wanne waliokwenda kuripoti, wakiwamo Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia. Oktoba, Wamarekani 18 wakafa katika pambano moja, Marekani ikafungasha, na mwaka 1995 Umoja wa Mataifa wenyewe ukaondoka. Interahamwe walikuwa wanaangalia yote hayo. Waraka wa Dallaire ulikuja miezi mitatu tu baada ya pambano la Oktoba.

Basi ninaposikia mtu akisema baada ya Semuliki tulipaswa kuwarudisha vijana wetu nyumbani mara moja, naikumbuka Kicukiro. Na ninaposikia mwingine akisema tulipaswa kuingia msituni tuwafyeke wote, naikumbuka Mogadishu. Namheshimu kila mmoja wao, maana wote wawili wanaongea kwa uchungu. Serikali ya Tanzania haikufuata ushauri wa yeyote kati yao: vikosi vilibaki. Naamini ilikuwa sahihi. Lakini kubaki ni nusu tu ya jibu.

Hapa inabidi nieleze kidogo kuhusu waliotuhumiwa kushambulia Semuliki, kwa sababu vijana wengi wanadhani ni watu waliodondoka kutoka mbinguni. Kikundi cha ADF kilianza Uganda katikati ya miaka ya 1990, milima ya Rwenzori, kikiipinga serikali ya Museveni. Mwaka 1998 walichoma moto mabweni ya chuo cha ufundi cha Kichwamba, na wanafunzi wengi wakafia humo. Walipofukuzwa Uganda wakatulia kwenye misitu ya Beni, wakaoa, wakalima, wakafanya biashara ya mbao. Kiongozi wao Jamil Mukulu alikamatwa mwaka 2015, na alikamatwa hapa kwetu Tanzania, kisha akapelekwa Uganda kushtakiwa. Kiti chake kikarithiwa na Musa Baluku. Aprili 2019, kundi linalojiita Dola la Kiislamu lilidai kwa mara ya kwanza shambulio ndani ya Kongo, na mahali penyewe palikuwa karibu na Kamango, mwisho wa barabara ile ile iliyopita kambi ya Semuliki. Miezi miwili baadaye likadai mapigano ya Cabo Delgado kwa jina la jimbo lile lile lililolitumia Kongo. Kwa hiyo barabara ya Mbau kwenda Kamango, kwa namna fulani, inakuja mpaka Ruvuma.

Msako nao ulijaribiwa. Desemba 2017, wiki mbili tu baada ya Semuliki, Uganda ilipiga kambi za ADF kwa ndege na mizinga. Mwishoni mwa Oktoba 2019 jeshi la Kongo likaanzisha operesheni kubwa. ADF hawakukaa kuwasubiri wanajeshi, waligeukia wanavijiji. Watu waliuawa kwa mapanga, usiku baada ya usiku, hata tarehe 25 Novemba wakazi wa mji wa Beni wakaandamana na kuchoma majengo ya MONUSCO. Walikuwa wanauliza swali la haki kabisa: ninyi wenye kofia za buluu mko hapa kwa ajili ya nani? Nalitaja hili kwa sababu katika hotuba zetu za maombolezo watu wa Beni huwa hawamo. Tunaongea kana kwamba askari wetu walikufa katika pori tupu. Mauaji ya raia wa Beni yalikuwa yakiendelea tangu Oktoba 2014, na raia hao ndio waliokuwa wanaokolewa, au waliopaswa kuokolewa, na vijana wa Semuliki. Tena kwa Kiswahili. Askari wetu ana neema ambayo Mpakistani au Mruguai hana: anaweza kusimama barabarani akamuuliza mama anayetoka shamba ameona nini huko mbele, na mama akamjibu bila mkalimani. Habari za aina hiyo hazinunuliwi. Lakini zinahitaji mtu wa kuzipokea, kuzipanga na kuzifanyia kazi kabla ya jioni.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye kiini cha shauri langu.

Januari 2018 Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi chini ya Dmitry Titov, Mrusi aliyewahi kuwa Msaidizi wa Katibu Mkuu. Maofisa wawili wa jeshi kutoka Tanzania walikuwamo. Timu ilichunguza shambulio la Desemba pamoja na mengine mawili ya Septemba na Oktoba mwaka huo huo katika eneo lile lile. Sikieni vizuri: mawili, kabla. Muhtasari ulitolewa Machi 2018. Ulisema ushahidi wote uliopatikana unaelekeza kwa ADF. Kisha ukasema mambo ambayo, kwa lugha ya kidiplomasia, ni makali sana. Ujumbe haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa askari wake wakizidiwa. Kulikuwa na mapungufu katika mafunzo na katika namna kambi ilivyojipanga. Kulikuwa na matatizo ya kamandi na uongozi. Na vitu muhimu vilikosekana: usafiri wa anga, wahandisi, taarifa za kijasusi.

Mkulima wa korosho ananielewa. Salfa hupulizwa kabla ubwiri unga haujala maua; ukisubiri mpaka umeona mti umekauka, unachopuliza ni hewa. Mashambulio ya Septemba na Oktoba yalikuwa ndiyo msimu wa salfa.

Wiki chache kabla ya muhtasari huo, dunia ilikuwa imekwishapewa ripoti nyingine, ya Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazil. Huyu si mtu wa ofisini. Aliongoza majeshi ya MONUSCO kuanzia 2013 hadi 2015 na alipigana vita dhidi ya waasi wa M23 akiwa na Watanzania. Alisema bila kuzungusha kwamba bendera ya Umoja wa Mataifa na kofia ya buluu hazimkingi tena mtu kwa zenyewe, na kwamba vikosi vinavyojifungia kambini na kusubiri ndivyo vinavyouawa. Wapo waliomlaumu kwamba anataka kugeuza ulinzi wa amani kuwa vita. Mimi naona alisema nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba huwezi kumwambia askari atoke kambini akamfuate adui wakati helikopta ya kumchukua akijeruhiwa haijulikani iko wapi.

Sasa niwaulize ninyi. Muhtasari ule, nani aliwasomea? Nani aliusoma kwa Kiswahili redioni, ukajadiliwa kama tunavyojadili bei ya ufuta? Miili tuliipokea Desemba, na taifa zima lilikuwa macho. Ripoti ilikuja Machi, wakati macho yamekwishahamia kwingine. Hatukuuliza. Na nadhani najua kwa nini: tunaona kuliuliza jeshi ni kulivunjia heshima. Ni adabu nzuri tuliyolelewa nayo, lakini hapa imetukosesha. Maswali ninayoyataka hayamlengi koplo aliyekufa akiwa na bunduki mkononi. Yanawalenga waliomweka pale, na wengi wao si Watanzania.

Maana utaratibu wenyewe uko hivi. Baraza la Usalama ndilo linaloamua askari wafanye nini, na rasimu za maazimio kuhusu Kongo kwa desturi huandikwa na Ufaransa. Tarehe 28 Machi 2013 lilipitisha azimio namba 2098, likaunda brigedi ya kujibu mashambulizi, askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Brigedi hiyo ilipewa ruhusa ambayo walinda amani hawakuwa wakipewa, ya kuyafuata makundi yenye silaha na kuyamaliza nguvu. Azimio lenyewe lilisema ni jambo la kipekee lisilopaswa kuwa mfano. Mwaka ule brigedi ilifanya kazi iliyotuletea fahari. M23 walishindwa Novemba, helikopta za kivita za Afrika Kusini zikiwa angani, na gharama yake tuliijua: Meja Khatibu Mshindo aliuawa kwa kombora karibu na Goma mwezi Agosti. Mwezi mmoja kabla yake, Darfur, askari wetu 7 walikuwa wamekufa katika shambulio la kuvizia karibu na Khor Abeche. Ulikuwa mwaka mzito. Lakini M23 walikuwa na mstari wa mbele, milima yenye majina na mahandaki ya kuonekana. ADF wako msituni, wanajificha miongoni mwa watu, na hawana kilima cha kutekwa. Ruhusa ya kushambulia ilibaki ile ile, vita vikabadilika.

Kwa kila askari nchi inayochangia hulipwa na Umoja wa Mataifa kiwango kinachopangwa New York. Wakati wa Semuliki kilikuwa dola 1,410 kwa mwezi. Fedha hiyo huenda serikalini, si mfukoni mwa askari moja kwa moja. Nalitaja kwa sababu vijiweni husemwa vijana wanakwenda kutafuta dola. Labda. Nani asiyetafuta? Kijana anayetaka kumwezekea mama yake bati hajauza haki yake ya kuokolewa.

Lipo na suala la sheria, ambalo wanasheria hulipenda na mimi nitalipitia haraka. Mkataba wa Roma, ambao Tanzania na Kongo zote zimeuridhia, unahesabu kumshambulia mlinda amani kuwa uhalifu wa kivita, mradi anastahili kinga anayostahili raia. Kwenye neno hilo, mradi, ndipo penye utata. Brigedi iliyopewa amri ya kushambulia inaweza kuambiwa mahakamani kwamba ni upande wa vita. Wakili wa muuaji hatakosa kuliona. Na hata pasipo utata huo, mahakama huenda polepole. Septemba 2007 walinda amani 12 wa Umoja wa Afrika waliuawa Haskanita, Darfur. Mahakama ya The Hague ilikataa kuthibitisha mashtaka ya mtuhumiwa wa kwanza mwaka 2010, wa pili akafa vitani, kesi ya wa tatu haijaanza kusikilizwa. Agosti 2021 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2589 la kuzitaka nchi ziwafuatilie wanaowaua walinda amani. Ni azimio zuri. Ila azimio halikusanyi ushahidi msituni. Hukusanywa na wachunguzi, na wachunguzi hutumwa pale serikali iliyofiwa inaposisitiza.

Nilisema ushujaa nitautaja mahali pake. Novemba 2018, hata mwaka haujatimia tangu Semuliki, brigedi ile ile iliingia Kididiwe, ngome ya ADF katika msitu wa Beni. Walinda amani kadhaa waliuawa, wengi wao Wamalawi, na Mtanzania akiwamo. Askari wa kawaida kutoka Malawi, Chancy Chitete, alimfuata Mtanzania aliyekuwa amejeruhiwa vibaya chini ya risasi, akamtoa, na yeye mwenyewe akapigwa. Mtanzania akapona, Mmalawi akafa. Umoja wa Mataifa ulimpa Chitete nishani yake ya juu ya ujasiri, yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa watu wengi Kigali mwaka 1994 baada ya wengine kuondoka, naye akauawa huko. Mjane wa Chitete aliipokea Mei 2019. Sijui kwa nini jina lake halijulikani Tanzania zaidi ya linavyojulikana sasa. Lakini angalieni pia upande wa pili wa hadithi hiyo tamu: majeruhi alitolewa kwa mikono ya mwenzake, mgongoni mwa ujasiri wa mtu mmoja. Mpango wa uokoaji ambao Titov alikuta haupo haupaswi kuwa ujasiri wa Chitete.

Halafu ukaja ujumbe wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, huko huko Kongo, uitwao SAMIDRC, mwishoni mwa 2023, na nchi zilikuwa zile zile tatu. Aprili 2024 Watanzania watatu waliuawa kwa mabomu ya mota. Januari 2025 M23 walipoizingira Goma na kuiteka, Afrika Kusini ilipoteza askari 14, sisi wawili, na ujumbe wote ulikuwa hauna nguvu ya anga inayolingana na vita ulivyotumwa kupigana. Afrika Kusini waliofiwa waliuliza maswali kwa kelele, bungeni na magazetini, hata mawaziri wakajieleza. Hapa kwetu tulipokea taarifa fupi. Tarehe 13 Machi wakuu wa nchi za SADC waliufunga ujumbe huo, na vifaa na askari vikapitishwa Rwanda mpaka Chato. Kutoka Titov mpaka hapo ni miaka saba, na orodha ya vilivyokosekana inafanana.

Mtaniambia siri za jeshi haziwekwi sokoni. Nakubali. Hakuna anayetaka ramani ya mahandaki ibandikwe kwenye ghala la chama cha ushirika. Bunge lina Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, inaweza kukaa faragha, na wajumbe wake wanatoka majimbo kama haya yetu. Mbunge wa Nachingwea na mbunge wa Ruangwa wanaweza kuulizwa mambo manne tu kila kikosi kinapotaka kwenda. Nani atakuja kuwaokoa wakizidiwa usiku, na atafika baada ya saa ngapi? Helikopta ni ya nani, na nani ana amri ya kuirusha? Kama kuna shambulio dogo la kwanza, ni nani mwenye mamlaka ya kuihamisha kambi bila kusubiri kibali cha New York au cha SADC, Gaborone? Na ripoti ya uchunguzi ikitoka, familia zitasomewa lini, kwa Kiswahili, na afisa aliyetumwa mpaka nyumbani kwao? Swali la kwanza na la tatu yajibiwe faragha kama lazima. La pili linahusu mkataba na linaweza kuandikwa wazi. La nne halina siri yoyote ndani yake, na linaweza kuanza na zile familia za Semuliki, kwa sababu muhtasari wa Machi 2018 upo na kurasa zake ni chache.